Ajali Haina Kinga, Lakini Sakafu Ina Mwenyewe

Leo sitazungumza juu ya siasa wala bei ya unga. Nataka tuzungumze juu ya kitu ambacho mimi na wewe hukikanyaga kila mwisho wa mwezi bila ya kukitupia jicho, nacho ni sakafu ya duka.

Nitaanzia nyumbani. Shangazi yangu, mama wa miaka 68, alikwenda katika supamaketi moja hapa Mombasa kununua sukari, majani ya chai na sabuni ya kufulia. Alipofika mbele ya friji la maziwa, mguu ulimtoka. Paketi moja ilikuwa imepasuka, na maziwa yalikuwa yametanda juu ya vigae vyeupe. Cheupe juu ya cheupe, nani angeona? Shangazi aliangukia ubavu, na mfupa wa nyonga ukavunjika.

Meneja wa duka, na nisimnyime haki yake, alifika mbio na kiti mkononi. Akamwambia, "Pole sana, mama. Unajua ajali haina kinga." Akaita teksi, akampa shilingi 5,000, akamfungia ile sukari na majani ya chai asivilipie, kisha akamletea karatasi atie sahihi. Shangazi, huku machozi ya maumivu yakimtoka, alitia sahihi. Hakuisoma, na hakuna aliyemsomea. Tangu siku ile anatembea kwa mkongojo, na shamba lake dogo la mihogo analimiwa na watu. Kijana aliyekuwa akipiga deki siku hiyo alifukuzwa kazi jioni ile ile.

Na shangazi mwenyewe, kila nilipomuuliza, alinijibu kwa maneno yale yale ya meneja: "Mwanangu, ajali haina kinga." Nami nikanyamaza, kama tunyamazavyo wengi wetu. Siku nilipozinduka na kumuuliza wakili mmoja juu ya jambo hilo, hakuniuliza mfupa gani uliovunjika, wala duka lile lina utajiri kiasi gani. Aliniuliza swali moja tu: "Maziwa yalikuwa sakafuni kwa muda gani?"

Msikilizaji, swali hilo ndilo moyo wa kesi zote za watu wanaoteleza na kuanguka madukani, si hapa Kenya tu bali duniani. Na liko swali la pili linalofuatana nalo kama kivuli: ni nani anayepaswa kulijibu?

Natuende kwanza Marekani, kwani huko ndiko kesi hizi zimesikilizwa kwa wingi. Mwaka 1901, katika jimbo la Massachusetts, abiria mmoja alishuka kwenye gari la moshi mjini Boston, akakanyaga ganda la ndizi na kuanguka. Akalishtaki shirika la reli. Jaji Mkuu wa jimbo wakati huo, Oliver Wendell Holmes, alimaliza shauri kwa maneno machache: ganda lile huenda liliangushwa dakika ile ile na abiria mwingine aliyekuwa akiondoka. Kama ni hivyo, wafanyakazi wa reli wangeliokota saa ngapi? Abiria akashindwa.

Miaka 10 baadaye, mwaka 1911, mahakama ile ile ilipokea ganda jingine la ndizi. Safari hii mama mmoja alikuwa akimfuata mfanyakazi wa kituo aliyekuwa akimwonyesha njia, akateleza. Lakini mashahidi walisema ganda hilo lilikuwa limekauka, limekanyagwa likawa bapa, lina mchanga, na limekuwa jeusi tii. Mahakama ikasema: ganda la ndizi haliwi jeusi kwa dakika moja. Lilikuwa pale muda wa kutosha, na wafanyakazi walipita pale. Mama akashinda.

Unaona, msikilizaji? Nchi ni ile ile, mahakama ni ile ile na tunda ni lile lile. Kilichotofautiana ni rangi ya ganda. Kwa hiyo sheria haisemi kwamba kila anayeanguka alipwe. Sheria inauliza kama mwenye mahali alijua, au angalipaswa kujua, na kama alipata nafasi ya kuondoa hatari hiyo akaiacha.

Lakini dunia haikusimama. Fikiria maduka ya zamani, na haya ya mtaani kwetu mpaka leo. Unasimama nje ya wavu, unasema, "Nipatie mafuta nusu lita," na mwenye duka anageuka kukuchotea. Mafuta yakimwagika, yanamwagika upande wake, na atakayeteleza ni yeye. Mwaka 1916, katika mji wa Memphis huko Marekani, Clarence Saunders alifungua duka liitwalo Piggly Wiggly ambamo mteja aliingia mwenyewe, akachukua kikapu, akajichagulia vitu kwenye rafu na kwenda kulipa mlangoni. Huo ndio mtindo uliozaa supamaketi za leo.

Mtindo huo ulimpunguzia mwenye duka wahudumu, ukamwongezea mauzo. Lakini pia ulimtoa mteja nje ya kaunta ukamwingiza ndani, katikati ya chupa, mayai na maziwa, akiwa na mtoto mkono mmoja na toroli mkono wa pili, macho yake yakiwa juu kwenye rafu. Na macho hayo hayakwenda juu kwa bahati mbaya. Duka lenyewe limepanga bidhaa zake na kutundika matangazo ya bei ili mteja atazame huko. Je, ni haki, akiisha kuanguka, aambiwe, "Mbona hukutazama chini?"

Ndiyo maana mahakama nyingine zikaanza kufikiri upya. Katika jimbo lile lile la Massachusetts, mwaka 2007, ilifika kesi ya mtu aliyeteleza kwa sababu ya tunda moja la zabibu katika duka la vyakula. Mahakama kuu ya jimbo ilisema kwamba mwenye duka anayechagua kuuza kwa mtindo wa mteja kujichukulia mwenyewe anajua tangu asubuhi kwamba vitu vitaanguka. Basi mteja asilazimishwe kuthibitisha kwamba zabibu ile ilikuwa chini kwa saa ngapi. La kuulizwa ni kama duka lilichukua hatua za kutosha dhidi ya hatari inayotokana na mtindo wake wa biashara.

Sasa natuvuke bahari mpaka Uingereza, kwani sheria yetu imetoka huko. Mwaka 1974, mjini Liverpool, mama mmoja aliteleza juu ya maziwa ya mtindi yaliyomwagika katika duka la Tesco. Hakuwa na shahidi wa kusema mtindi ulimwagika lini. Duka likaeleza utaratibu wake: sakafu hufagiwa mara tano au sita kwa siku, na kila mfanyakazi ameagizwa akiona kitu kimemwagika aite mtu wa kukisafisha. Lakini duka halikuweza kueleza sakafu ile ilisafishwa mara ya mwisho lini kabla ya mama yule kuanguka. Tena mama huyo akasema kwamba wiki kama tatu baadaye alirudi duka lile lile, akaona maji ya matunda yamemwagika na yakakaa robo saa bila mtu kuyashughulikia.

Mahakama ya Rufani, katika hukumu iliyochapishwa mwaka 1976, ilimpa mama ushindi kwa majaji wawili dhidi ya mmoja. Wale wawili walisema kwamba sakafu ikitunzwa sawasawa, watu hawatelezi juu ya mtindi. Mama akiisha kuonyesha kwamba aliteleza, ni juu ya duka kueleza lilifanya nini, kwa kuwa mwenye daftari na wafanyakazi ni duka, si mteja. Jaji wa tatu alikataa. Yeye alisema huenda mtindi ulimwagika sekunde chache kabla, na hakuna utaratibu wowote duniani ambao ungezuia hilo. Fidia yenyewe haikufika hata pauni 200, lakini kesi hiyo inafundishwa kwa wanafunzi wa sheria hadi leo.

Je, hapa kwetu? Kenya tunayo Sheria ya Dhima ya Wakaaji wa Majengo, Sura ya 34, iliyofuata mfano wa sheria ya Uingereza ya mwaka 1957. Inamtaka mtu anayelitawala jengo kuwa na uangalifu wa kadiri, ili mgeni anayeingia kwa ruhusa awe salama katika shughuli iliyomleta. Anayelitawala si lazima awe mwenye nyumba. Mpangaji mwenye duka ndiye anayeitawala sakafu iliyo kati ya rafu zake. Na mteja ni mgeni aliyealikwa, hata kama ameingia kununua kiberiti. Hukumu za Uingereza haziwafungi mahakimu wetu, lakini huzisoma na mara nyingi huzifuata.

Sheria hiyo ina mambo mawili ambayo ningependa uyashike. La kwanza, mwenye jengo hutakiwa kujua kwamba watoto hawana hadhari kama watu wazima. La pili ni lile bango la manjano lisemalo sakafu ina maji. Wako wenye maduka wanaodhani kwamba wakiisha kusimamisha bango lile wamejitoa lawamani. Sivyo. Onyo peke yake halimwokoi mwenye duka, isipokuwa lilitosha kumfanya mgeni awe salama. Bango likiwa mbele ya dimbwi, na pembeni iko njia kavu ya kupita, hilo ni onyo. Bango likiwa limesimama pale pale tangu Krismasi, sakafu iwe kavu au iwe na maji, hilo limekuwa pambo.

Haki ina pande mbili, msikilizaji, na nisingependa mwenye duka anisikilize kwa kinyongo. Wako watu waongo, anayejiangusha makusudi na anayekuja na mkono aliouvunjia kwingine. Kwa sababu hiyo sheria haimlipi mtu kwa kuanguka tu. Hata Marekani mizani imekuwa ikipanda na kushuka. Katika jimbo la Florida, mwaka 2001, mahakama ya juu iliuhamishia mzigo wa ushahidi upande wa maduka. Mwaka 2010 watunga sheria wa jimbo wakaurudisha kwa mteja, na sasa ni juu yake kuthibitisha kwamba duka lilijua au lilipaswa kujua. Na hapa kwetu, mteja akiwa na kosa lake mwenyewe, tuseme alikuwa akikimbia, au aliliona dimbwi akalikanyaga, mahakama hugawa lawama. Kama fidia ni shilingi 400,000 na yeye ana robo ya kosa, atapata 300,000.

Watu pia hupenda kusimulia kwamba Marekani wakili halipwi mpaka ashinde, kisha huchukua fungu lake, mara nyingi kama theluthi moja. Hapa Kenya Sheria ya Mawakili hairuhusu mapatano ya namna hiyo. Kwa hiyo akija mtu kando ya kitanda chako hospitalini akakuahidi utajiri bila kulipa senti, mwulize kwanza yeye ni nani.

Sasa utaniuliza, je, mtu akianguka afanye nini? Nitasema niliyoyapata kwa kuuliza, baada ya kuchelewa.

Kwanza, usiinuliwe haraka ukaondolewa kabla mahali hapajatazamwa. Mwombe aliye karibu nawe apige picha ya sakafu kwa simu yake: kilichomwagika, alama za magurudumu ya toroli zilizopita juu yake, kingo zilizoanza kukauka. Hizo alama ndizo rangi ya ganda la ndizi. Zinasema muda. Baada ya dakika tano deki itapita, na ushahidi wako utakuwa umeingia ndani ya ndoo.

Pili, chukua jina na namba ya simu ya mtu mmoja au wawili walioona, na utake tukio liandikwe katika kitabu cha duka. Hifadhi risiti yako; ndiyo shahidi kwamba ulikuwa pale siku ile, saa ile. Kama duka lina kamera, andika barua mapema uombe picha zihifadhiwe, maana kamera nyingi hujifuta na kuanza upya. Tangu Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, una haki ya kuomba kuona habari zako binafsi zilizo mikononi mwa mwingine, na sura yako ni habari yako.

Tatu, nenda hospitali siku hiyo hiyo na utunze kila karatasi. Gharama ulizolipa haziaminiwi kwa mdomo; mahakama hutaka risiti, shilingi kwa shilingi.

Nne, usitie sahihi wala kidole gumba juu ya karatasi usiyoielewa huku una maumivu. Karatasi ya kusema umeridhika inaweza kuufunga mlango, na kuufungua tena ni lazima uthibitishe kwamba ulidanganywa au ulishurutishwa. Pokea pole, pokea teksi, sema asante. Sahihi ingoje kesho.

Tano, hesabu siku. Madai ya uzembe hapa Kenya yana miaka mitatu tangu siku ya tukio. Mimi nilipokwenda kwa wakili kwa ajili ya shangazi, miaka mitatu na miezi miwili ilikuwa imepita. Wakili alifunga faili aliyokuwa hata hajaiandika jina.

Na usidhani kwamba mahakama ni ya wenye fedha tu. Tangu mwaka 2021 tunazo Mahakama za Madai Madogo, zinazosikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000. Sheria yake ya mwaka 2016 inataja fidia ya majeraha ya mwili, inamruhusu mtu kujisemea mwenyewe, na inataka shauri liamuliwe katika siku 60. Kabla hujafika huko, barua ya heshima kwa duka, yenye picha na risiti, mara nyingine hutosha. Maduka makubwa mengi yana bima ya mambo haya.

Kabla sijaaga, nataka nirudi kwa yule kijana wa deki. Nilimtafuta nikampata. Aliniambia kwamba siku ile walikuwa wawili kwa duka zima, orofa mbili, na mwenzake alikuwa ametumwa kupakua gari la soda. Alikuwa anapiga deki vyooni maziwa yalipomwagika. Yeye ndiye aliyefukuzwa. Mwajiri aliyepanga watu wawili kwa orofa mbili, na kumtuma mmoja wao kupakua soda, hakufukuzwa na mtu.

Hapo ndipo kesi hizi zinapokuwa na maana, msikilizaji. Kisheria, kosa la mtumishi akiwa kazini hujibiwa na mwajiri wake, na mahakama haitosheki kuambiwa kwamba mfagiaji amekwisha fukuzwa. Huuliza: mlikuwa na watu wangapi? Nani alipita pale, saa ngapi, na wapi alipotia alama? Duka ambalo limewahi kuulizwa maswali hayo mbele ya hakimu litaajiri mtu wa tatu. Litaweka ratiba ukutani, na saini ya kila nusu saa. Litaondoa vigae vinavyong'aa kama kioo mbele ya friji la maziwa na kuweka vyenye kukwaruza mguu. Fidia hulipwa mtu mmoja, lakini sakafu kavu ni ya wote, na wa kwanza kufaidika ni mfagiaji mwenyewe, kwani naye huteleza.

Wazee wetu walisema kuteleza si kuanguka. Walikuwa na maana yao, na ni maana njema. Walisema pia ajali haina kinga, na hilo nalo ni kweli, kwa yale ambayo hakuna aliyeweza kuyazuia. Maziwa yaliyomwagika sasa hivi ni ajali. Maziwa yaliyokaa nusu saa, yakapitwa na toroli kumi na wafanyakazi watatu, hayo si ajali tena. Hiyo ni kazi ambayo haikufanywa.

Shangazi yangu hakutaka utajiri. Aliniambia juzi kwamba kama angerudishiwa siku ile, angemwuliza meneja jambo moja tu: "Baba, haya maziwa yamemwagika lini?" Basi mwulizie wewe, utakapokwenda dukani mwisho wa mwezi huu. Na ukiona kitu kimemwagika, usikiruke ukaenda zako. Simama hapo, ita mtu, ngoja afike. Nyuma yako anakuja shangazi ya mtu.

Nakutakia wiki njema na hatua salama. Kwaheri, mpaka tutakapokutana tena.